Siwindhe Kando ya Barabara ya Nairobi: Makumbusho ya Kisumu na Mikono Iliyoyajaza

Ni rahisi kusema kwamba Nairobi ina nyumba za sanaa na Kisumu ina mamba. Makumbusho ya Kisumu, yaliyoko kando ya barabara kuu inayotoka mjini kuelekea Nairobi, yamejulikana kwa vizazi vya wanafunzi kwa sababu ya nyoka, mamba, samaki wa ziwani wanaoogelea nyuma ya vioo, na simba aliyekaushwa huku akimrukia nyumbu. Mtoto wa shule ya msingi akirudi nyumbani kutoka ziara hiyo, simulizi yake huanzia kwa nyoka na kuishia kwa simba. Vyungu alivyovipita havimo. Wala si kosa lake, kwa maana hata wakubwa wanaoandika juu ya sanaa ya Kenya huvipita vivyo hivyo: wakitafuta makumbusho ya sanaa huuliza ziko wapi picha zilizotundikwa ukutani, wakizikosa huandika kwamba Kisumu haina. Ninashikilia kinyume chake. Kisumu imekuwa na makumbusho ya sanaa tangu mwaka 1980, na sehemu kubwa ya sanaa hiyo ni kazi ya wanawake. Kilichokosekana ni majina yao.

Kuelewa kwa nini majina yalikosekana kunahitaji kurudi nyuma kuliko 1980. Taasisi inayoitwa leo Makumbusho ya Taifa ya Kenya ilianza mwaka 1910 kama mkusanyiko wa chama cha wapenzi wa viumbe, walowezi na maofisa waliokuwa wakikusanya ndege, vipepeo na mimea. Jengo lake la Nairobi lilifunguliwa mwaka 1930 likiitwa Makumbusho ya Coryndon. Kitale nayo ilipata makumbusho yake kutokana na mlowezi Hugh Stoneham, aliyekusanya wadudu, wanyama na vitabu na kuanzisha makumbusho yake binafsi miaka ya 1920. Serikali ikayachukua mwaka 1974. Hapo ndipo mtandao wa mikoani ulipokua kwa kasi: Lamu, Meru, Kitale, kisha Kisumu, ambayo mpango wake ulichorwa mwaka 1975 na milango yake ikafunguliwa kwa umma Aprili 1980. Asili hiyo ilikuja na desturi zake. Mpenzi wa viumbe akimpata ndege huandika aina yake, mahali alipopatikana na tarehe, maana ndege mmoja ni mfano wa ndege wote wa aina yake. Desturi hiyo ilipohamia kwenye vitu vya watu, mtungi ukaandikwa kama ndege: mtungi wa maji, Waluo, Nyanza ya Kati. Mwanamke aliyeufinyanga akawa mfano wa kabila lake, na mtungi mmoja ukasimama badala ya mitungi yote. Nadhani hakukuwa na nia mbaya. Ulikuwa mkono uliozoea kuandika vibao vya vipepeo.

Kisumu, hata hivyo, ilijaribu jambo ambalo makumbusho mengi ya wakati ule hayakulithubutu. Kwa msaada wa fedha za UNESCO, ilijenga uwanjani boma zima la Kiluo la ukubwa wa kawaida, likaitwa Ber-gi-dala. Kuna nyumba ya mwenye boma, zizi la mifugo, ghala, nyumba ya kila mmoja wa wake zake watatu, na nyumba ya mwana wa kwanza. Maelezo yake yalitayarishwa kwa Kidholuo na Kiingereza, yakisimulia asili ya Waluo, safari yao hadi magharibi ya Kenya, na namna boma jipya linavyoanzishwa. Mwenye boma hilo ni mtu wa kubuni, mzee anayewakilisha wazee. Hapo pana kejeli ambayo haikukusudiwa. Boma lilijengwa ili kumweka katikati mwanamume ambaye hakuwahi kuishi, ilhali kila kinachoonekana kwa macho ndani yake kina alama za mikono ya wanawake. Katika mgawanyo wa kazi wa Kiluo, wanaume husimamisha nguzo, hufunga fito na kuezeka paa. Wanawake huteka maji, hukanda udongo na kukandika kuta, kisha husiriba sakafu kwa udongo na samadi. Mgeni akisifu ukuta ulionyooka, ulionakshiwa kwa vidole ukiwa bado mbichi, anasifu kazi ya mwanamke. Tena ni kazi isiyokwisha. Ukuta wa udongo hunyeshewa, hupasuka na kutaka kukandikwa upya, hivyo boma hili ni maonyesho ambayo lazima yatengenezwe tena na tena. Mchoro wa rangi za mafuta ukitundikwa mara moja hudumu miaka mia. Ukuta wa Ber-gi-dala hudumu kwa sababu kuna mtu anayejua kuukandika.

Vyungu ndivyo ushahidi mzito zaidi, kwa kuwa katika nchi hii ya ziwa ufinyanzi una historia ndefu kuliko lugha zinazozungumzwa leo. Wavuvi na wawindaji wa kando ya Ziwa Viktoria waliacha vigae vya vyungu vya Kansyore maelfu ya miaka kabla ya kilimo kufika. Baadaye vikaja vyungu vya Urewe, vinavyoitwa hivyo kwa jina la mahali karibu na Yala, Siaya. Vilielezwa kitaalamu mwaka 1948 na Mary Leakey, Louis Leakey na Walter Owen, kasisi wa Kianglikana aliyefanya kazi Nyanza kwa miaka mingi. Vina vishimo vidogo kwenye kitako, shingo zilizochorwa mistari sambamba, na uso uliosuguliwa hadi ukang'aa. Leo Urewe ni neno la kila mwanaakiolojia kutoka Rwanda hadi Buhaya, na kijiji cha Siaya kimeingia kwenye vitabu vya dunia kupitia chungu. Hakuna awezaye kuapa kwamba waliovifinyanga miaka zaidi ya 1,500 iliyopita walikuwa wanawake. Lakini tangu watu walipoanza kuandika habari za Waluo, ufinyanzi umekuwa wa wanawake, na hilo halibishaniwi.

Katika miaka ya 1980, makumbusho yakiwa bado mapya, watafiti Ingrid Herbich na Michael Dietler walikaa na wafinyanzi wa Kiluo wakiwafuatilia kwa karibu. Matokeo aliyoyachapisha Herbich mwaka 1987 yalivunja dhana ya kawaida kwamba mama humfundisha bintiye, na hivyo mtindo hushuka kama damu. Wengi wa wafinyanzi hao walijifunza baada ya kuolewa, kutoka kwa mama mkwe au mke mwenza. Bibi arusi aliingia boma la wageni, akakaa chini na kujifunza udongo wa pale, umbo la pale na nakshi za pale. Hata aliyekuja na ujuzi wake alijikuta akifuata mkono wa wenyeji wake wapya. Kwa sababu hiyo kila kundi la wafinyanzi, waliokaa karibu na machimbo ya udongo mzuri, lilikuwa na mtindo wake mdogo uliotambulika. Utafiti huu una uzito kwetu kwa sababu mbili. Kwanza, unaonyesha kwamba kibandiko cha "Waluo" ni kipana mno hata kwa mizani ya sayansi yenyewe: mtindo haukai kwenye kabila, unakaa kwenye boma na jirani zake. Pili, unaonyesha shule. Palikuwa na walimu, wanafunzi, miaka ya mazoezi, kukosolewa, na hatimaye mkono unaotambulika. Sijui chuo cha sanaa kinahitaji nini zaidi ya hapo, isipokuwa cheti.

Shule hiyo haikuwa ya udongo peke yake. Boma la Kiluo la zamani lilikuwa na duol, kibanda cha mwenye boma ambamo wanaume waliota moto na kuamua mambo, na lilikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi kizee ambamo watoto na wasichana walilala wakisikiliza hadithi, vitendawili na nasaba. Mwanahistoria David William Cohen, katika maandishi yake kuhusu Siaya, alimtazama pim, yule mwanamke mzee wa siwindhe, na kuona kwamba aghalabu alitoka nje ya ukoo, akaja na habari za mbali, na kwa hiyo ndiye aliyewapa watoto ramani ya dunia iliyo pana kuliko boma lao. Mkondo huo ulizaa fasihi. Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930, aliandika kwa Kiingereza na kwa Kidholuo, na riwaya yake ya Miaha ilitoka mwaka 1983. Asenath Bole Odaga alikusanya fasihi simulizi ya watu wake na kuendesha uchapishaji wake mwenyewe mjini Kisumu, wakati ambapo mwandishi wa Kenya alitazamiwa kwenda kubisha hodi Nairobi. Nikiutazama mkusanyo wa makumbusho haya kwa jicho hilo naona siwindhe iliyowekewa sauti ya duol. Vitu ni vya bibi. Maelezo ni ya mzee.

Msomaji makini atapinga. Pingamizi la kwanza, na lililo zito, ni kwamba kumtafuta msanii mmoja mmoja ni tabia ya Ulaya inayobandikwa juu ya desturi isiyoitambua. Mfinyanzi wa Nyanza hakutia sahihi kwenye chungu. Alifinyanga ili maji yapoe na chakula kiive, na kumwita msanii ni kumvika joho asiloliomba. Kuna ukweli hapa. Si kila chungu kilikusudiwa kutazamwa, na makumbusho yanayogeuza kila kijiko kuwa sanaa huishia kutoheshimu kijiko wala sanaa. Lakini kutotia sahihi si sawa na kutojulikana. Pale ambapo kila kundi lina mkono wake unaotambulika, sahihi ni kazi ya ziada: mnunuzi anayepiga chungu kwa ukucha kusikiliza mlio wake kabla hajatoa hela humjua au humuulizia aliyekifinyanga, maana chungu kikivuja atamrudia. Kutojulikana kulizaliwa siku chungu kilipovuka lango la boma kikiwa mikononi mwa mkusanyaji ambaye hakuuliza. Tena ni ajabu kudai kwamba Waluo, miongoni mwa watu wote, hawajali majina. Hii ni jamii ya pakruok, ambapo mtu hutoa pesa muziki usimame ili ajisifu, amsifu rafiki yake, ataje kwao na wa kwao hadharani. Jamii inayolipia kutajwa haiwezi kusemwa kwamba iliona ubatili kumtaja aliyefanya kazi nzuri.

Upande wa pili wa pingamizi hilo, kwamba mfinyanzi si msanii, hujibiwa na maisha ya mfinyanzi Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akahamia Uingereza mwaka 1971, akahitimu Royal College of Art mwaka 1982, na mwaka 2020 akapewa hadhi ya Dame. Vyombo vyake vimo katika makumbusho makubwa ya dunia, na mwaka 2019 nyumba ya sanaa ya Hepworth Wakefield ilimfanyia maonyesho makubwa yaliyoviweka vyombo hivyo kando ya kazi za karne nyingi. Hatumii gurudumu. Hujenga chombo kwa mkono, hukipaka udongo laini, hukisugua hadi king'ae, kisha moto huamua kama kitatoka chekundu au cheusi. Mwanamke yeyote anayechoma vyungu vyake kwa kuni na majani makavu katika nchi ya ziwa angeielewa kazi hiyo bila mkalimani. Wapo watakaosema Odundo ni msanii kwa sababu ameachana na matumizi: chombo chake hakitekewi maji. Ni kweli, na ni tofauti halisi. Lakini ukifuata njia aliyopita utakuta walimu wake si maprofesa tu. Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda Abuja, Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi alichokianzisha Michael Cardew, na huko alijifunza kwa wanawake akiwamo Ladi Kwali, mfinyanzi wa kijijini ambaye mitungi yake ilipendwa na mtawala wa Abuja kabla Cardew hajaiona. Nigeria ilimweka Ladi Kwali kwenye noti yake ya naira 20, akiwa kazini na chungu chake. Kati yake na mfinyanzi wa Nyanza aliyemo kabatini Kisumu sioni tofauti ya udongo. Mmoja alipata nchi iliyoandika jina lake.

Pingamizi la pili ni la watu wa hesabu. Makumbusho ya mkoa yana paa la kutengeneza, nyoka wa kulisha na tangi la samaki linalotaka maji safi kila mara. Sanaa iachiwe Nairobi, penye wanunuzi. Nairobi kweli ilitangulia: nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa, ambayo mwandishi Rebeka Njau alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, ilianza mwaka 1965, na Gallery Watatu ikafuata miaka michache baadaye. Lakini Nairobi haikuwa na macho makali sana kwa wanawake. Rosemary Karuga alisoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, akafundisha shule kwa miongo kadhaa huku sanaa yake ikilala, na alipoanza tena alibandika picha zake kwa vipande vya karatasi za sabuni na za unga. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Studio Museum ya Harlem, New York, wakati Wakenya wengi walikuwa hawajamsikia. Kuiachia Nairobi si dawa. Na suala la fedha lina upande wa sheria unaosahaulika: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja makumbusho miongoni mwa majukumu ya kaunti, huku turathi za kale zenye umuhimu wa kitaifa zikibaki kwa serikali kuu. Kisumu inaweza kusubiri Nairobi kwa mambo ya mnara na ngome. Kwa kabati la vyungu haina sababu. Kuandika upya kibao cha maelezo, tena, ndiyo gharama ndogo kuliko zote katika jengo zima. Mamba mmoja hula zaidi.

Lipo la tatu, nalo linasemwa kwa sauti ya chini: kwamba haya ni makumbusho ya Waluo ndani ya mji wa watu wengi. Boma lililoko uwanjani linalipa neno hilo nguvu, ijapokuwa mkusanyo wenyewe ni wa magharibi yote ya Kenya. Kazi za wanawake zingelijibu vizuri kuliko hotuba yoyote ya umoja. Huko Tabaka, Kisii, wanaume huchonga mawe laini na wanawake huyasugua kwa maji hadi yakapata ule mng'ao ambao mtalii hulipia. Wapenzi wa sanamu hizo husifu mchongaji. Wanawake wa Kinubi, jamii iliyokaa Kibos tangu enzi za ukoloni, hufuma tabaga, kawa za kufunikia chakula zenye rangi kali, ambazo kila nyumba ya Kinubi hujivunia. Wanawake wa ufuoni wamejifunza kusuka vikapu na viti kwa gugumaji, lile janga lililoziba ghuba ya Winam. Mtungi, jiwe, tabaga na kikapu vikiwekwa chumba kimoja, kila kimoja na jina la aliyekifanya, mgeni hatauliza makumbusho ni ya nani.

Matukio ya miaka ya karibuni yameonyesha kwamba jamii za ufuoni haziogopi kazi ya aina hii. Kisiwani Mfangano, Waabasuba walianzisha makumbusho yao ya amani na kuyalinda wenyewe mapango ya Kwitone na Mawanga, yenye michoro ya duara ndani ya duara kwa rangi nyekundu na nyeupe. Thimlich Ohinga, ngome ya mawe yaliyopangwa bila saruji katika kaunti ya Migori, iliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Mwaka 2021 maonyesho ya mradi uitwao Invisible Inventories yalifunguliwa Nairobi kabla ya kwenda Cologne na Frankfurt, yakiwaambia Wakenya kwamba zaidi ya vitu 32,000 vyao vimehesabiwa katika makumbusho ya ng'ambo. Namba hiyo iliwashtua wengi. Mimi hunishtua zaidi kuwaza ni vingapi kati yake vilikwenda na jina la aliyevitengeneza, na ni vingapi vilivyobaki hapa nyumbani vinavyokaa vivyo hivyo, bila mtu, umbali wa safari ya matatu kutoka kwa wajukuu wa wale waliovifanya.

Jibu la namna ya kuanza kurudisha majina lilikwisha kuonekana Nyanza mwaka 2007. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alipita kwa Waluo mwaka 1936 akiwa na kamera, na picha zake zikaishia katika Makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford. Christopher Morton na Gilbert Oteyo walizirudisha kwa maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kuyawaza ya zamani. Hawakuzitundika mjini. Walizipeleka mabomani, nje, chini ya miti, katika nyumba za koo zilizopigwa picha hizo, na watu wakaja kuzitazama wakiwa wamesimama kwenye ardhi ileile. Kule Oxford zilikuwa picha za Waluo. Pale uani zikawa picha za babu wa fulani, mke wa fulani, yule aliyeolewa kutoka kule ng'ambo ya mto.